Neno Lina Mwenyewe

Wahenga wa pwani walipoliona jahazi likielea hawakuishia kulisifu tanga. Walikumbushana kuwa vyaelea vimeundwa: yupo fundi aliyechonga, yupo aliyeukata mti, na ipo siku ulipopigiliwa msumari wa kwanza. Ajabu ni kuwa wajukuu wa wahenga hao, wanapokaa kuandika juu ya tamthilia, huisahau hekima hiyo kabla wino haujakauka. Huyachukua maneno ya mchezo kana kwamba yaliokotwa ufukweni. Hawataji toleo walilolisoma wala mwaka wake. Hawasemi ni mhusika gani aliyeyatamka maneno hayo, akimwambia nani, akiwa katika hali gani. Na ikiwa mchezo umefasiriwa, jina la mfasiri hutupwa baharini kama maji ya ngama.

Makala za namna hiyo ni nyingi, na aghalabu zimeandikwa kwa ufasaha. Hapo ndipo penye hatari, kwani lugha tamu humsahaulisha msomaji kuuliza. Huambiwa kuwa "Hussein anasema", kuwa "Shakespeare anatufundisha", kuwa "Kinjeketile aliwaambia watu wake", naye hupita mbio kama abiria aliyemwamini nahodha bila ya kuuliza kama dira imo chomboni. Walakin kutaja asili ya maneno ni amana, na mwenye kuivunja amana hiyo huwadhulumu watu watatu kwa pigo moja: aliyetunga, aliyetungiwa, na anayesoma.

Mchezo unaoidhihirisha dhuluma hiyo kuliko mingi ni Kinjeketile wa Ebrahim Hussein, mwana wa Kilwa, uliochapishwa na Oxford University Press mwaka 1969. Kinjeketile Ngwale alikuwa mtu wa kweli. Aliishi Ngarambe, akagawa maji aliyoyaamini kuwa kinga dhidi ya risasi za Wajerumani, na akanyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, siku chache tu baada ya vita vya Maji Maji kuanza. Mtu huyo hakuwahi kuiona vita yake ikienea, seuze kuiona ikishindwa. Kinjeketile wa mchezo ana ajali nyingine. Yeye anaishi mpaka auone msiba wa wapiganaji waliomwamini, na akiwa mfungwa anatakiwa akane kuwa maji yale yalikuwa na nguvu, naye anakataa. Anakataa kwa sababu zenye uzito mkubwa, sababu za mtu aliyekwisha kulipima neno lake na kuona kuwa limekuwa kubwa kuliko yeye. Hapo ndipo palipo roho ya mchezo mzima. Na hapo hapo ndipo ilipo kazi ya Hussein, wala si kumbukumbu ya Mohoro.

Mtungaji hakuificha tofauti hiyo. Katika utangulizi wake alitanabahisha kuwa Kinjeketile wa jukwaani ni kiumbe cha fikra yake, asichukuliwe kuwa ndiye yule wa tarikhi. Onyo hilo limechapishwa mbele ya mchezo, mahali ambapo hata mvivu wa kusoma hulikuta. Pamoja na hayo, wapo wanaoandika juu ya Maji Maji wakainua hotuba nzima kutoka jukwaani na kuiweka katika kinywa cha marehemu, bila ya kutaja kitabu wala ukurasa. Kwa hivyo mtu aliyenyongwa na wageni mwaka 1905 hunyongwa tena na wenziwe: mara hii kwa kutiwa ulimini maneno yaliyoandikwa miaka 64 baada ya kifo chake. Na mtunzi naye huibiwa, kwani uzuri wa hotuba hiyo ni jasho lake. Maiti anabebeshwa asichosema. Aliye hai ananyang'anywa alichosema.

Msomaji wa visiwani ana sababu ya ziada ya kulitazama jambo hili kwa makini. Ndani ya mchezo huo limo jina la Seyyid Said. Kinjeketile, akiwa amepandwa na pepo Hongo, anatoa ahadi kuwa Wajerumani wakishafukuzwa watu watakuwa watoto wa Seyyid Said. Seyyid Said alifariki mwaka 1856, karibu nusu karne kabla ya siku hizo. Na katika mchezo wenyewe, Kinjeketile anapozindukana na kuyatafakari maneno yale, yanamtafuna. Anatambua kuwa ukombozi alioutangaza una mlango wa nyuma, na kwamba huenda watu wake wanatolewa kwa bwana mmoja ili wakabidhiwe bwana mwingine. Shaka hiyo ndiyo inayomfanya awe mtu, asiwe sanamu.

Mtu akilinukuu neno lile la Seyyid Said peke yake, bila ya kusema kuwa limetamkwa na mtu aliyepagawa, na bila ya kuonyesha kuwa mtu huyo huyo baadaye analitilia shaka, anaweza kuthibitisha chochote apendacho. Anayeipenda dola ya Unguja atasema kuwa wapiganaji wa bara waliililia. Anayeichukia atasema kuwa mtunzi anawasingizia. Wote wawili watakuwa wamesimama juu ya mstari mmoja uliokatwa kichwa na miguu. Kila mwamba ngozi huvutia kwake, na ngozi inayovutwa hapa ni ya watu walio hai, wenye historia ambayo haijapoa. Laiti mhakiki angetaja tendo, onyesho, msemaji na hali yake, mjadala mzima ungeanza pahala pa haki.

Wapenzi wa ushairi hawana haja ya kufundishwa jambo hili kwa mifano ya kigeni. Muyaka bin Haji wa Mombasa aliishi katika zama za malumbano, na shairi la malumbano ni mchezo wa jukwaa kwa namna yake: linamjibu mtu, limefungwa na tukio, na nusu ya maana yake imo katika lile lililotangulia. Tungo za Muyaka zisingetufikia zikieleweka lau Mwalimu Sikujua bin Abdallah asingezikusanya pamoja na William Taylor na kuzifafanua, ili beti zibaki na habari zake. Diwani ilipochapishwa mwaka 1940, ilisimama juu ya kazi hiyo ya subira. Anayeimba beti za Muyaka leo na kuzifahamu ana deni kwa Mwalimu Sikujua, hata kama hajapata kulisikia jina lake.

Watunzi wa tenzi nao walikuwa na desturi ya kuweka mwishoni jina la mtunzi, hesabu ya beti na tarikhi. Walijua kuwa karatasi husafiri mbali kuliko mwenyewe. Katika elimu ya dini jambo ni zito zaidi: mtoto wa chuoni anajua kuwa hadithi isiyo na isnadi haisimami, na kwamba haitoshi kusema "imepokewa", huulizwa imepokewa kwa nani, naye alipokea kwa nani. Watu waliolelewa katika adabu hiyo hawana udhuru wa kuandika "inasemekana" pale ambapo kitabu kipo na mwandishi anajulikana.

Isnadi ya mchezo, tena, huwa ni hadithi tamu kwa nafsi yake. Mfano ni ule mchezo wa Julius Caesar uliofasiriwa na Mwalimu Julius Nyerere. Plutarch aliandika maisha ya Kaizari kwa Kigiriki. Jacques Amyot akayatia katika Kifaransa mwaka 1559. Thomas North akakichukua Kifaransa cha Amyot, akakigeuza Kiingereza mwaka 1579. Shakespeare akakisoma kitabu cha North na kukifanya mchezo. Nyerere akautia mchezo huo katika Kiswahili mwaka 1963, akaupitia upya na kuutoa tena mwaka 1969. Silsila hiyo ina watu watano, na watatu kati yao ni wafasiri. Wazungu wameifuatilia pete kwa pete, mpaka wakaweza kuonyesha ni wapi Shakespeare alimfuata North karibu neno kwa neno. Inapofika kwetu, pete ya mwisho, iliyofuliwa kwa Kiswahili chetu wenyewe, ndiyo inayokatwa. Huandikwa "Shakespeare asema", kisha hufuata mistari ya Nyerere.

Na Nyerere yupi? Wa 1963 au wa 1969? Matoleo hayo mawili hayalingani. Hata tahajia ya jina la Kaizari ilibadilika. Mhakiki anayesifu uteuzi wa neno fulani bila ya kutaja toleo huenda anasifu neno ambalo mfasiri mwenyewe alikwisha kulifuta. Huko ni sawa na kumpongeza mtu kwa nguo aliyokwisha kuivua.

Kosa hilo huzaa mengine yaliyo makubwa zaidi. Mwaka huo huo wa 1969 ilitoka Mabepari wa Venisi. Mfanyabiashara wa Shakespeare katika anwani ya Kiingereza ni mmoja, na ni mfanyabiashara tu. Wingi ule, na neno "bepari" pamoja na moto wake wote, ni uamuzi wa Nyerere, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha. Huo ni uamuzi wa mfasiri mwenye siasa yake, unaostahili kujadiliwa, kusifiwa au kupingwa kwa jina lake. Lakini mhakiki asiyetaja mfasiri hujenga ghorofa juu ya neno hilo na kutangaza kuwa Shakespeare aliwashutumu mabepari tangu karne ya 16. Ghorofa hiyo haina msingi Uingereza. Msingi wake uko Dar es Salaam, na aliyeuchimba ametajwa kwenye jalada.

Yako madhambi mengine yanayotendwa kwa siri, nayo ni kunukuu kwa kurudi nyuma. Hussein aliufasiri Kinjeketile kwa Kiingereza yeye mwenyewe, na tafsiri ikachapishwa mwaka 1970. Mtunzi anayejifasiri ana uhuru ambao mfasiri mwingine hathubutu kuuchukua. Kitabu cha pili ni ndugu wa cha kwanza, si kivuli chake. Sasa, mtu asiyekuwa na nakala ya Kiswahili hukutana na kifungu cha Kiingereza katika makala ya chuo kikuu, akakigeuza Kiswahili kwa maneno yake, kisha akakitia ndani ya alama za kunukuu na kuandika jina la Hussein. Maneno yale Hussein hajapata kuyaandika. Mtunzi wa Kiswahili anasemeshwa Kiswahili kisicho chake, mbele ya watu wa lugha yake. Akija mwingine akayanukuu hayo kutoka makala ya pili, na wa tatu kutoka ya tatu, uwongo huwa umepata isnadi ya kughushi. Dawa yake ilikuwa sentensi moja ya ukweli: kwamba maneno hayo yametoka katika toleo la Kiingereza la 1970 na yamerejeshwa Kiswahili na mwandishi wa makala.

Haki haitakamilika bila ya kuwageukia wanavyuo nao, wasije wakaketi pembeni na kutabasamu. Wao wana tanbihi nyingi, lakini tanbihi zao zina upendeleo. Profesa wa ng'ambo hutajwa kwa jina, mwaka na ukurasa. Mkulima aliyewahadithia watafiti habari za vita hugeuka "mzee mmoja wa Umatumbi". Katika miaka ya 1960 wazee walioiona vita ya Maji Maji, au waliosimuliwa na walioiona, waliulizwa na kuandikwa, na mwaka 1968 G. C. K. Gwassa na John Iliffe wakatoa kijitabu cha kumbukumbu za vita hiyo. Kabla yao alikwisha kutangulia mshairi wa pwani ya kusini, Abdul Karim bin Jamaliddini, na Utenzi wa Vita vya Maji-Maji, uliochapishwa mwaka 1957 pamoja na tafsiri ya Kiingereza ya W. H. Whiteley. Anayeandika juu ya mchezo wa Hussein akaviweka vitu hivyo ubavuni mwake, kila kimoja kwa jina lake, humwonyesha msomaji alipoishia msimulizi, alipoanzia mshairi na alipochupia mtunzi wa mchezo. Anayevichanganya humpikia pilau ambalo halijulikani nyama yake.

Watetezi wa uzembe huu wana hoja zao. Husema kwanza kuwa tanbihi huua ladha. Lakini "anasema Kitunda", au "katika toleo la 1969", ni maneno machache yanayokaa ndani ya sentensi bila ya kumkwaza mtu. Kinachoua ladha ni tanbihi ya kujionyesha, ile inayotaja vitabu kumi ili ijulikane kuwa vimesomwa.

Husema pili kuwa barazani watu hunukuu kwa moyo na hakuna aulizaye ukurasa. Kweli, lakini barazani mwenye kukosea husahihishwa papo hapo na mjuzi aliyekaa kwenye kona. Maandishi hayana kona hiyo. Mwandishi akishaondoka, msomaji hubaki peke yake na karatasi, na rejea ndiyo yule mjuzi aliyeachwa nyuma ili aulizwe.

Husema tatu kuwa vitabu vyenyewe havipatikani. Hoja hii ni ya kweli kuliko zote, na ndiyo inayowahukumu zaidi. Pale ambapo nakala ni adimu, aliyebahatika kuishika ana wajibu mkubwa wa kusema kaishika ipi, kwa kuwa wengi watakaomsoma hawataiona. Yuko kijana mahali fulani, Mkoani au Makunduchi, ambaye hakupata chuo wala mwalimu wa fasihi. Ana hamu, na ana kipande cha jarida alichoazimwa. Kwa kijana huyo jina la mchapishaji na mwaka ni ufunguo: atalipeleka kwa mwenye maktaba, atalituma kwa jamaa aliyeko Dar es Salaam au Maskati, atalisaka mpaka alipate. Aliyesoma shuleni ana walimu wa kumwelekeza. Aliyejisomesha huongozwa na rejea za watu wengine. Kumnyima rejea ni kuivuta ngazi baada ya wewe kupanda.

Kinachotakiwa wala si kikubwa. Litajwe toleo lililosomwa, na mwaka wa toleo la kwanza ikiwa ni mwingine. Litajwe tendo na onyesho pamoja na ukurasa, maana ukurasa huhama toleo likibadilika, ilhali onyesho hubaki pale pale. Atajwe msemaji na hali yake, na maelezo ya jukwaani yasichanganywe na mazungumzo. Atajwe mfasiri kila mara, na aliye msimulizi atajwe kwa jina kama profesa atajwavyo, madhali ameridhia.

Na ikiwa kinachojadiliwa ni mchezo uliochezwa, kiandikwe kikundi, mwongozaji, mahali na tarehe, kwani mchezo wa jukwaani hufa taa zinapozimwa. Thomas Platter, msafiri kutoka Basel, alikuwa London tarehe 21 Septemba 1599, akatazama mchezo wa Kaizari, na aliporudi kwao akaandika habari zake kwa mistari michache. Hakuwa mhakiki, wala hakulitaja jina la mtungaji. Lakini alitaja siku. Wataalamu wanaoutia mchezo wa Shakespeare katika mwaka 1599 mpaka leo huutegemea wino huo wa mpita njia. Ni michezo mingapi imechezwa Unguja, Pemba, Lamu na Mombasa, katika skuli na viwanja, watu wakacheka na kulia, na leo hakuna awezaye kusema ilichezwa mwaka gani wala aliyeiongoza alikuwa nani? Waliotazama walikuwa mamia. Platter hakuwamo.

Lugha hii imejaaliwa watunzi wa kutosha na wapenzi wa kutosha. Kinachopungua ni uaminifu mdogo mdogo, ule wa kuandika jina, mwaka na onyesho hata pale ambapo hakuna anayetazama. Mtu aliyenyongwa Mohoro hawezi kuinuka akasema, "Hayo siyo yangu." Wala Hussein hawezi kuizungukia kila makala akadai, "Hayo ni yangu." Kazi hiyo imebaki kwa yeyote anayeshika kalamu kuandika juu ya mchezo. Neno lina mwenyewe. Alichukuaye bila ya kumtaja, na alirudishe.